Mdomo Ulioonja Maziwa ya Mke wa Rais

Kwetu, anayempa mgeni kinywaji huonja kwanza yeye mwenyewe. Huonja mbele ya macho ya mgeni, kisha hukitoa chombo kwa mikono miwili. Kila mtoto anajua maana yake: hamna sumu humu, kunywa kwa amani. Nimepita miaka sabini, nusu yake Bukavu na nusu upande huu wa mto wa mpaka, na nimeonjewa maziwa, uji na pombe ya ndizi mara nisizoweza kuhesabu. Sikuwahi kuufikiria mdomo wa mtu anayeonja. Niliufikiria siku ile mke wa rais alipokuja kwetu katika tambarare ya Bugarama, kwa sababu mwanamke aliyechaguliwa kumpa maziwa alikuwa na mdomo uliopasuliwa na mumewe siku tatu kabla, na mume huyo alikuwa ameapa kwamba wageni wakishaondoka atammaliza.

Mimi ni mzee wa kanisa. Mungu alinijalia kusoma kidogo katika chuo cha wachungaji nilipokuwa kijana, na ingawa sikuwa mchungaji, nimekaa katika baraza la wazee kwa muda mrefu. Kazi yetu kubwa, ukiacha kuzika na kutembelea wagonjwa, ni kupatanisha mke na mume. Nilikuwa nikisifiwa kwa kazi hiyo.

Mwanamke ninayemsimulia alikuwa mkulima wa mpunga na prezida, yaani mwenyekiti, wa koperative, ushirika wa wanawake wenye mashamba karibu na nyumba yetu. Mumewe alipasua mawe machimboni, upande wa Muganza. Mwaka mmoja kabla ya ziara ile, mama huyo alikuja kanisani Jumapili, ibada ikiwa imekwisha, kiganja kimeziba sikio. Damu ilikuwa imemkauka shingoni, nyembamba kama uzi. Mumewe alikuwa amempiga kofi moja tu, alisema, lakini tangu kofi hilo alisikia mlio wa nzi ndani ya kichwa, na upande mwingine mdomo ulikuwa umechanika mahali alipogonga mlango.

Tulimwita mume. Alikuja, akapiga magoti, akalia mpaka kamasi. Tukafanya tunavyofanya katika makanisa yetu: tuliagiza Fanta mbili. Mume anakunywa nusu ya chupa yake, mke nusu ya yake, kisha wanabadilishana chupa na kumaliza. Kwaya iliimba. Nikamwambia yule mama, kwa sauti ya upole ambayo watu waliipenda, "Mwanangu, rudi nyumbani. Mungu anauona uvumilivu wako." Akarudi.

Nilirudi nyumbani na mke wangu. Yeye hasikii kwa sikio la kushoto. Kanisani wanajua kwamba ni homa aliyougua zamani kule Bukavu. Tulipofika mlangoni aliniuliza, "Papa, ule maman umemurudisha wapi?"

"Kwake."

"Kwake ni wapi?"

Nilimwambia nina njaa.

Mwaka ukapita, ikatangazwa kwamba mke wa rais angekuja kufungua nyumba ya watoto, ile ambamo mama wanaolima mpunga wangeacha watoto wao wadogo asubuhi. Kamati ya maandalizi ilitafuta familia ya mfano: mke wa kumpa mgeni maziwa, na mume wa kuonekana kando yake. Waliniuliza mimi. Nilitaja jina la familia ile bila kufikiri mara mbili. Ndiyo iliyokuwa kazi yangu nzuri, ushahidi wangu. Mume alifurahi kuliko mkewe. Alipanda gari hadi mjini Kamembe, akarudi na suti ya kijivu, akaivaa kanisani na lebo bado iko kwenye mkono.

Ilipofika siku ya mazoezi, alikuja dada mmoja wa itifaki kutoka Kigali, mpole, viatu vyake vimejaa tope la mashamba. Alituonyesha kila kitu. Mke wa rais angeshuka garini hapa, angesalimia safu hii, angekata utepe, angepanda mti, angewapa watoto wawili maziwa. Hatakuwa na hotuba. Kabla ya hayo yote, prezida wa koperative angemletea maziwa katika inkongoro, chombo chetu cha mti cha maziwa, aonje, ampe. Mgeni angekipokea kwa mikono miwili, akishike muda wa picha, kisha amkabidhi dada wa itifaki. Hatakunywa. Kukishika kungetosha.

"Mikono yake ndiyo hotuba," alisema yule dada. "Kwa hiyo musimukimbize."

Mume akiwa ndani ya suti yake aliuliza, "Na mie nitasimama wapi?"

Dada akaangalia karatasi zake. Juu ya mkeka ni wanawake tu, alisema. Yeye angekaa safu ya tatu, na wageni.

"Na nitafanya nini?"

"Utapiga makofi, papa."

Wanawake walicheka. Mkewe pia alicheka, na aliponiona nikimtazama akaziba mdomo.

Maneno hayo yalifika machimboni kabla ya mume mwenyewe. Kesho yake nilikuwa kwenye kibanda cha chai, pale lori zinaposimama zikiwa nyeupe kwa vumbi la mawe, naye akaingia na wenzake.

"Maman Prezida," mmoja alisema, "bwana yako anaendelea muzuri?"

"Muache, anatafuta kikwembe ya sherehe."

"Sakosh, mukoba ya Prezida, uishike na mikono mbili, ndugu yangu. Usiangushe. Na ukae vile bibi ya prezida anakaaka, magoti pamoja."

Alicheka nao, meno yamebanana. Nami nilicheka. Nalisema hili kwa sababu ni kweli.

Saa tisa alasiri ya siku hiyo nilipeleka inkongoro kwenye uwanja wa koperative, ule uwanja wa saruji tunaoanikia mpunga. Mke wangu alikuwa ameing'arisha kwa siagi. Jua lilikuwa kali, mpunga umetandazwa uwanja mzima, na wanawake saba au wanane waliugeuza kwa reki za mbao. Prezida wao alikuwa katikati. Mumewe aliingia kwa upande wa ghala, akachukua reki iliyokuwa imeegemezwa ukutani, akatembea juu ya mpunga kwa viatu. Kwetu hakuna anayekanyaga mpunga kwa viatu. Hicho ndicho nilichokiona kwanza, nikafungua kinywa nimkaripie.

Pigo la kwanza lilimpata mkewe ubavuni. Nilisikia sauti yake, sauti ya tawi bichi linapovunjwa juu ya goti. Aliinama, akajaribu kushika nguo yake kana kwamba jambo lenyewe ni nguo kufunguka. Pigo la pili lilimpata mdomoni. Jino liliruka likaangukia mpunga, na baada yake damu, nyingi, ikipasuka kwa matone juu ya punje za njano. Alianguka. Mume akaiacha reki, akamkalia kifuani, akampiga ngumi usoni, ya kulia, ya kushoto, taratibu kama mtu anayeponda jiwe ambalo amelipwa kuliponda. Akawa anasema kwa kila ngumi, "Piga makofi. Piga makofi."

Nilikimbia. Mzee hukimbia vibaya. Nilimshika shingoni kutoka nyuma, akanitupa kwa kiwiko, nikaangukia bega na nikajua limevunjika mahali. Alinigeukia bila hasira, karibu kwa heshima.

"Mzee, weye ulituunganisha. Usiingile."

Ndipo wanawake walipofika. Hawakupiga kelele. Walimpiga kwa reki mgongoni, kichwani, miguuni, mmoja baada ya mwingine kama wanaotwanga katika kinu kimoja. Alitambaa, wakamfuata. Sikio lake lilichanika likaning'inia. Alipoacha kujikinga kwa mikono, waliendelea. Nikiwa chini, bega linawaka, niliomba. Ninaikumbuka sala yangu na ninaiungama hapa: niliomba wasisimame. Niliona wazi kwamba dakika mbili zaidi angekufa, na ningekuwa nimepona kazi yangu mbaya. Ni yule mama mwenyewe aliyewasimamisha. Alikuwa amekaa, damu inamtiririka hadi kifuani, akanyoosha mkono akasema jambo ambalo mdomo wake haukuweza kulitamka. Wakaelewa. Wakashusha reki.

Kabla ya kutolewa pale, mume alisema akiwa amelala kifudifudi, kwa sauti ya chini, lakini sote tulisikia. "Bageni bakishaenda, nitamumaliza."

Jioni hiyohiyo mtu wa kamati ya maandalizi alikuja kwangu. Alikuwa amevaa fulana ya sherehe tayari. Alisema ziara isichafuliwe, kwamba polisi wana kazi nyingi wiki hii, kwamba mwanamke mwingine wa kundi angetoa maziwa, na mume, akishonwa sikio na kuvikwa kofia, akae safu ya tatu kama ilivyoandikwa, maana kiti kitupu huleta maswali. Akaniomba mambo mawili: niwapatanishe kesho, na siku ya sherehe nikae kando ya mume nimtulize.

"Weye unaijua ile kazi, mzee. Fanya vile unafanyaka."

Nilikubali. Bega langu lilikuwa limefungwa kwa kitambaa cha mke wangu, nami nilikubali. Mke wangu alikuwa jikoni, akamimina maji ya mboga nje kwa nguvu hata yakarukia ukuta.

Kesho yake nilimkuta yule mama nyumbani kwa dada yake, amelala chali kwa sababu ya mbavu. Nilikuwa na Fanta mbili mkononi. Uso ulikuwa umevimba, jicho moja limefungika, mdomo umeshonwa nyuzi nne. Alizitazama chupa.

"Mzee," alisema polepole, akitafuta njia ya kupitisha maneno, "ile ya kwanza niliikunywa. Ilikuwa na ladha ya damu. Haukuiona?"

Nilisema sikuiona.

"Ilibadilika rangi ndani ya chupa. Bwana yangu aliikunywa vile vile. Weye ulikuwa unaimba."

Niliziweka chupa chini ya kiti, nikasali naye, nikaondoka. Na bado, Mungu anirehemu, siku ya sherehe nilikwenda kukaa safu ya tatu.

Mgeni alikuja asubuhi, magari meupe yakitimua vumbi. Mke wa rais alikuwa mrefu kuliko nilivyodhani, amevaa umushanana, vazi letu la sherehe, wa rangi ya majani makavu, na aliwasalimia watu kwa kuinama kidogo hata kwa watoto. Mume alikuwa kando yangu ndani ya suti ya kijivu, kofia imeshuka juu ya sikio lililoshonwa. Nilikuwa nimeushika mkono wake, kama wanaume wa kwetu wanavyoshikana mikono wakikaa. Ulikuwa mkubwa, mgumu, wa baridi.

Wanawake walikaa mkekani. Yule aliyechaguliwa kuchukua nafasi alisimama na inkongoro, akapiga hatua mbili, kisha akageuka nyuma. Mstari wa wanawake ulifunguka. Nyuma yao alikuwa amekaa prezida wao, kitenge kimefunika kichwa na nusu ya uso. Mwenzake akamwekea chombo mikononi. Hakuna aliyekuwa amepanga hivyo, ila wao. Mtu wa kamati alisimama akakaa tena, kwa kuwa kamera zilikuwa zimekwisha kugeuka.

Alitembea taratibu, mkono mmoja ukibana ubavu. Alipofika mbele ya mgeni alifunua uso. Tukasikia mawe yakipasuliwa mbali upande wa machimbo. Aliinua chombo, akaonja, kama desturi inavyotaka. Aliponyoosha midomo, nyuzi zikafumuka. Damu ikashuka kwenye ukingo wa inkongoro, ikaingia, na mimi niliyekuwa safu ya tatu niliiona ikifunguka juu ya weupe wa maziwa. Akakitoa kwa mikono miwili.

Dada wa itifaki alisogea haraka kukichukua. Mke wa rais alikuwa ameshakishika. Alimtazama yule mama muda mrefu kuliko picha zinavyohitaji. Hakutabasamu. Hakuwa na hotuba siku hiyo. Dada akanyoosha mikono kama walivyofanya mazoezi. Mgeni hakumkabidhi. Alikaa kwenye kiti chake akakiweka chombo mapajani, mikono miwili ikikizunguka, na akakaa nacho hivyo wakati wa hotuba zote. Kila aliyepanda kuzungumzia familia zetu njema alizungumza akikiona chombo kile. Mmoja alikatisha ukurasa wake katikati akashuka. Utepe alikuja kuukata baadaye, na hapo tu ndipo alipomrudishia chombo yule mama mwenyewe, mkononi, huku akimwambia neno moja sikioni. Sijui ni neno gani. Nilimwuliza baadaye, akasema ni lake.

"Bibi yangu ananichezea mie mbele ya dunia," mume alinong'ona. Mkono wake ulianza kuubana wangu. Alinibana vidole mpaka nikasikia kimoja kikilia. Nilimwomba Mungu jambo moja, safari hii sala nzuri: kwamba nisiachie.

Magari yakaondoka. Vumbi lilikuwa bado halijatua mume alipoinuka. Mkewe alikuwa mkekani, hatua ishirini kutoka kwetu, na macho ya mume hayakumwona mtu mwingine. Nilisimama naye.

"Niache, mzee."

"Siwezi kukuacha."

Alinipiga ngumi ya mdomo kwa mkono ulio huru. Niliona weupe, kisha nikaionja, chumvi na chuma, damu ile niliyoambiwa sikuiona ndani ya chupa. Akanipiga tena, juu ya bega lililovunjika, nikapiga magoti, lakini vidole vyangu vilikuwa vimejifunga kwake kama vya mtu anayezama. Alinikokota juu ya nyasi hatua tano, sita, akinipiga kichwani, na watu walisimama wakitazama kwa kuwa mimi ni mzee wa kanisa na ilionekana ni mambo ya kanisa. Nikapaza sauti kwa mara ya kwanza katika jambo lile. Nikasema, "Huyu mutu alisema leo atamuua bibi yake. Nilimusikia. Muniletee polisi." Wanawake walifika kwanza, wakamkalia. Polisi alikuwa hatua kumi tu kutoka pale. Alikuwa ameambiwa hakuna tatizo.

Kituoni niliandika maelezo kwa mkono wa kushoto. Afisa, kijana mwenye subira, aliyasoma, kisha akaniuliza kwa nini mwaka mmoja nyuma, sikio lilipopasuka, sikuja. Nilimwambia tulidhani ni kofi la kawaida.

"Mzee, ulijua kofi linaweza kupasua sikio?"

Chumba kilikuwa na benchi moja, na mke wangu alikuwa amekaa juu yake, amekuja kunisindikiza. Nilikuwa na miaka arobaini ya kusema homa.

"Nilijua," nilisema. "Nimelipasua moja."

Nilimweleza yote. Ilikuwa Bukavu, mchana, mtoto analia, mchele umeungua. Mkono wangu, mara moja. Mke wangu alivuja usaha sikioni miezi miwili, nami ndiye niliyewaambia watu habari ya homa, na yeye hakunipinga. Kwa hiyo kila mume aliyepiga magoti mbele yangu na kulia, nilikuwa nikijisamehe mimi, na Fanta ilikuwa yangu. Afisa aliweka kalamu chini. Alisema hayo hayamo katika kesi hii. Nilimwomba ayaandike hata hivyo, akaandika.

Mume alihukumiwa, yuko gerezani. Huwa ninamtembelea, na mara nyingi anakataa kuniona. Mkewe bado ni prezida. Anazungumza na pengo la jino na hajali. Katika baraza letu sasa mke husikilizwa peke yake kwanza, na akiwa na jeraha tunakwenda naye kwa polisi kabla ya wimbo wowote. Wazee wawili walijitoa kwa sababu hiyo. Namshukuru Mungu aliyenichelewesha kufa hadi nikaona.

Siku ile ya kituoni tulirudi nyumbani kwa miguu. Kwa miaka yote nilikuwa nimezoea kutembea kushoto kwa mke wangu, upande usiosikia, na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Nilizunguka nikaja kulia kwake. Nikamwomba msamaha nikilitaja jambo lenyewe kwa jina lake, bila kulia, maana machozi ya wanaume nilishayaona.

Alitembea hatua kadhaa.

"Umechelewa, Papa," alisema. "Lakini nilibakishaka sikio moja."

Kisha akaniambia nifute mdomo, bado unatoka damu, na tusipitie mbele ya kanisa.